Mkamwana Wangu Alipoipalilia Bahari

Mkamwana wangu alitoka juu Newala, kwenye mihogo na mikorosho, na maji mengi aliyokuwa ameyaona maishani mwake ni ya ndoo. Mwanangu alipomleta kijijini kwetu, upande wa Msimbati, wanawake wa ufukweni walimcheka alivyovuka maji ya magotini amepandisha kanga kama anavuka mto wenye mamba. Mimi nilimpenda siku ile ile. Alikuwa na mikono. Kuna watu wana mikono, na kuna watu wana vidole tu.

Ilikuwa miaka ya tisini, kilimo cha mwani kinaingia kwetu. Unachomeka vigingi mchangani, unafunga kamba, kwenye kamba unafunga vipande vya mwani, bahari inamwagilia yenyewe. Nikampa kipande kando ya changu, nikamwonyesha kufunga, halafu nikaitwa Magomeni mjini, kwa binti yangu aliyekuwa anajifungua mjukuu wangu wa kwanza. Nilikaa huko mpaka arobaini ikaisha. Mjukuu mwenyewe, acha tu. Magomeni nzima hapakuwa na mtoto mwenye kichwa kizuri vile, na mgeni aliyesema vinginevyo nilimtolea kiti chake nje.

Niliporudi, jirani yangu alinipokea kabla sijatua mzigo. Yeye Myao, mimi Mmakonde, ni watani, kwa hiyo adabu hatuna.

"Shoga, kamwone mkweo! Amepalilia bahari!"

Nikadhani ni maneno yake. Maji yalipotoka nikaenda. Lo! Shamba la mkamwana lilikuwa jeupe, limefagiliwa kama uwanja wa harusi. Yale majani ya bahari, marefu kama utepe, yanayoota chini ya maji, ameyang'oa yote kwa jembe, na mizizi yake, akayarundika ufukweni kama magugu ya kwenye mihogo. Yeye mwenyewe kasimama katikati, anang'aa.

"Mama, umeona? Hakuna jani hata moja. Sasa mwani wangu utakula peke yake."

Kwao Newala mwanamke hujulikana kwa shamba safi, na shamba lenye majani ni la mvivu. Binti wa watu alikuwa ameniwekea heshima yake yote pale mbele ya miguu yangu.

"Kazi umefanya," nikamwambia. "Lakini mwanangu, haya si magugu. Haya ndiyo yanayoushika mchanga."

Jirani akadakia, "Kesho atapanda korosho humu!"

Mkamwana hakucheka.

Kusi ilipovuma, mchanga wake ulitembea. Vigingi vikalegea kama meno ya kizee, kamba zikasokotana, mwani wote ukaenda na maji. Kipande changu, hatua chache pembeni, kilisimama kati ya majani yake. Hata uduvi, tuliokuwa tunautanda kwa kanga wawili wawili, pale peupe haukuwepo. Tuliburura kanga tukapata kaa mmoja, tena ana hasira.

Siku hiyo nilimkuta anafunga mzigo.

"Mama, bahari imenikataa. Narudi kwetu kwenye jembe langu."

Mwanangu angepata mke mwingine, wanaume hupata. Mimi ningempata wapi mwingine kama yule? Nikamshika mkono nikamburura mpaka shambani kwangu, nikamwinamisha, nikayafunua majani polepole. Chini yake kulikuwa na watoto wa samaki tasi, wadogo kama kucha, kamba wanaoonyesha mpaka utumbo, na vitu vingine sijui hata majina.

"Nimetoka wodi ya wazazi juzi," nikamwambia, "na hii ni wodi ya wazazi. Samaki unaowala kwangu wamelelewa hapa."

Alitazama mpaka maji yakaanza kurudi.

"Pangu pataota tena?"

"Yatatambaa kutoka pembeni. Polepole."

"Kama mkorosho?"

"Mkorosho una haraka."

Alifungua mzigo. Nikampa nusu ya shamba langu, akajifunza kuchomeka vigingi kwenye nafasi bila kung'oa kitu. Jirani yeye akaja nyumbani, akalichukua jembe akaenda nalo kwake. "Nimelikamata, mtani! Mlikomboe kwa kuku. Huyu asionekane nalo tena chini ya maji!" Mkamwana akamkimbiza mpaka mlangoni kwake, na hapo ndipo nilipomsikia akicheka, kicheko kikubwa cha Newala.

Ilichukua miaka. Kila bamvua, maji yanapotoka mbali, alikuwa anakwenda kuinama palepale peupe, kutazama majani yamesogea wapi, kama mtu anayemkagua mtoto meno. Alikuwa ameshanizalia wajukuu wawili, wote wazuri, aliporudi siku moja uso umelowa, anapiga kelele kijiji kizima kisikie.

"Mama! Tasi! Watoto wa tasi, kwangu!"

Jirani akachungulia dirishani. "Hao wamepotea, walikuwa wanakuja kwangu."

"Njoo uwafuate," mkamwana akamjibu, "lakini uje bila jembe."