Dada Veronika na Nyumba za Mbao za Ahmedabad

Dada yangu Veronika alikuwa ameanza kulala ameketi, kwa sababu akijilaza pumzi zilimkata. Madaktari walisema valvu moja ya moyo wake imechoka na ni lazima ibadilishwe, nasi tukapata nafasi ya matibabu Ahmedabad, India. Mimi ni mwalimu wa sekondari Endagikot, wilayani Mbulu. Ukoo uliamua nimsindikize, nikawe mkalimani wake kwa madaktari.

Tuliondoka na basi la alfajiri, Mbulu yote ikiwa bado ndani ya ukungu. Kwenye ndege dada alinishika mkono kwa nguvu. Tulipopita mawingu aliuachia, akabandika uso dirishani.

Huko Ahmedabad upasuaji ulikwenda salama. Wiki zilizofuata tulikaa chumba cha kupanga karibu na hospitali, kila siku tukizunguka uani polepole. Daktari alipomruhusu kutembea mjini, hata kupanda ngazi mradi apumzike, dada aliniuliza kama watu wa kijijini kwetu Nambis tutakwenda kuwasimulia harufu ya dawa tu. Siku hiyohiyo nikatuandikisha kwenye matembezi ya mji wa kale.

Asubuhi iliyofuata tulipokewa na mwongozaji wetu, Bi Hetal, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya darasani. Alituingiza kwenye mtaa wenye lango moja, ambalo zamani lilifungwa usiku na wakazi wote wakalala kama watu wa boma moja. Loo, nyumba zile! Milango, nguzo na madirisha ya mbao vilichongwa maua, tembo na kasuku, bila kuachwa nafasi ya kuweka kidole. Katikati ya uwanja mdogo ilisimama nguzo yenye kibanda juu, nacho kilijengwa kwa ajili ya kulishia ndege. Dada alicheka sana. Kwake ndege hufukuzwa shambani kwa makopo.

Bi Hetal alitueleza kwamba ndani ya kuta za matofali wajenzi walilaza magogo, ili ardhi ikitetemeka nyumba iyumbe bila kuanguka. Chini ya ua wa kila nyumba kubwa kulikuwa na tangi la kuhifadhi maji ya mvua. Nilimtafsiria dada kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu, mpaka koo likakauka.

Karibu na saa sita tulifika nyumba ya mwisho, ya ghorofa tatu. Ngazi yake ilisimama wima kama ile ya kupandia darini kwenye mahindi. Mzee mwenye nyumba alitukaribisha chai, akasema watu wengi walimshauri aibomoe ajenge ya saruji. Yeye alikuwa ameondoa boriti moja iliyooza, akaweka mpya, na nyumba ikaendelea.

Nilimwambia dada abaki chini na mzee, nami nitampigia picha za juu. Aliweka kikombe chini.

"Mimi pia nimebadilishiwa boriti moja tu," alisema. "Twende juu."

Nilimfuata nyuma, mikono mbele kama mtu anayesubiri kudaka gunia. Tangu ngazi ya kwanza aliniuliza maswali: mbao hizi ni za mti gani, mchwa wanazuiwaje, nani anafuta vumbi kwenye maua yote haya. Alipumzika kidogo, akaendelea kuuliza. Tulipotokea juu, mapaa ya mji mzima yakiwa mbele yetu, ndipo nilipogundua kwamba hakuwa amekata sentensi hata moja kutafuta pumzi. Aliyekuwa anahema ni mimi.

Tuliporudi Nambis, majirani walijaa nyumbani, watoto wakipanga mstari wa shikamoo. Walitaka kuuliza habari za kovu. Dada aliwapitisha kwa maneno kwenye lango la Ahmedabad, wakaona tembo wa mbao, wakapanda ngazi.

Kwa miaka mitatu ya ugonjwa wake nilikuwa nikimwambia dada kaa, pumzika, acha nitafanya mimi. Niliamini huo ndio upendo. Siku hizi nikifika kwake namkuta amekwisha vaa viatu, na kazi yangu ni kuuliza tunaelekea wapi.