Malaria ya Mama

Kwa wiki tatu mama yangu alikuwa na malaria. Ndivyo nilivyowaambia wenzangu kwenye duka la ushonaji mtaani Nyakuron, maana mama alinikataza kutaja ziwa lake la kushoto na kile kilichoota ndani yake.

"Wakijua ni kansa," alisema, "watanitazama kifuani kabla ya kunisalimia."

Mimi ni mtu wa kuota magauni ya harusi mchana kweupe, nikaona uongo huo ni mdogo tu. Siku ya upasuaji ukanikaba.

Hospitali ilitaka chupa mbili za damu. Kaka yangu alitoa moja asubuhi. Ya pili nilitaka kutoa mimi. Nikapanda mzani nimejaza mashavu hewa, kana kwamba hewa ina uzito. Nesi, dada mmoja Mkenya, akacheka kwa huruma.

"Mrembo, kilo arobaini na sita! Nikikutoa damu nitalaza wagonjwa wawili. Tafuta mwingine, wa kundi lolote, benki ya damu itatubadilishia. Ikifika saa nane hakuna damu, nafasi ya mama inaenda kwa mtu mwingine."

Ilikuwa saa tano. Kwa shangazi singeweza kwenda. Habari ingefika kijijini Rejaf kabla sijamaliza kuisema. Nikapanda boda hadi dukani. Mwenzangu wa cherehani ya pili, kijana wa utani mwingi, akaniona mlangoni.

"Karibu! Hiyo malaria ya mama imekaa kama mpangaji. Ikianza kulipa kodi utuambie!"

Duka zima likacheka. Nami nilitaka kucheka, mdomo ukakataa.

"Si malaria," nikasema. "Ni kansa. Ya ziwa. Nataka mtu wa kutoa damu kabla ya saa nane."

Akaondoa mguu kwenye cherehani yake. Sikuthubutu kumtazama. Neno la mama nilikuwa nimeshalivunja, na pengine bure.

"Sisi tuliiita presha," akasema polepole. "Kansa ya baba yangu. Mwaka mzima nilikuwa naogopa msije mkaniuliza anakunywa dawa gani." Akaisukuma nguo aliyokuwa akishona. "Khalas, twende. Njiani utaniambia yako, na mimi nitakuambia yangu."

Saa saba na nusu chupa ilijaa. Nikamwacha kwenye benchi la nje, pamba mkononi, nikaingia wodini. Mama alinitazama mara moja tu.

"Umesema."

"Nimesema, mama. Kwa kijana mmoja wa dukani, ametoa damu. Wengine... wamesikia."

Akageukia ukutani. Machela ilikuwa inakuja, nasikia magurudumu yake, na mama yangu namjua: angeweza kuikataa damu ile na kurudi nyumbani kwa miguu yake. Nikashika chuma cha kitanda. Nikasubiri.

"Huyo mtoto aliyetoa damu," akauambia ukuta, "amekunywa chai?"

"Bado, mama."

"Sasa umesimama hapa unangoja nini?"