Jogoo wa Daktari

Jumamosi, mwezi wa tatu, 1978. Rasharasha tangu alfajiri, barabara ya Ushirombo tope tupu.

Aibu bado ninayo, na sina hakika kama nitaeleza kwa haki, maana aliyefedheheka ni mimi (na jogoo, kama jogoo hufedheheka).

Daktari wa mifugo wa Shinyanga alichanja vifaranga vya baba wawili, jogoo wangu mwekundu na jogoo mweupe wa jirani yangu Masanja. Banda moja, pumba zile zile, chanjo ya mdondo siku moja, lakini alipopima damu akakuta kinga ya watoto wa mwekundu imepanda sana, ya wenzao kidogo tu. Akasema huenda inatoka kwenye ukoo, basi atakuja amtoe baba yao damu, kisha amchukue azalishe kuku wa kijiji, kwa kuwa mdondo ulishatumalizia mabanda.

Leo asubuhi nikaona jogoo asikutwe na tope, nikamwosha, nikamfunga kamba jikoni karibu na moto akauke, nikaenda barabarani kumpokea mgeni. Hilo tu. Mke wangu, Mama Kulwa, alijua daktari anafuata vifaranga, nami sikumwambia zaidi.

Gari likakwama, tukalisukuma, tukafika tumelowa na njaa inauma. Mama Kulwa akapiga goti, "Shikamoo, daktari," akatunawisha, akaweka ugali na bakuli la nyama, firigisi juu kabisa upande wa mgeni. Majirani wamejaa mlangoni kuja kuona sindano. Daktari akala, akasifu, akalamba vidole, akafungua mkoba.

"Haya, Baba Kulwa, niletee mzee mwenyewe."

Nikaenda jikoni. Kamba ilikuwepo.

"Mama Kulwa, jogoo yuko wapi?"

"Si huyo mmemla? Umemfunga mwenyewe, mgeni yuko njiani, ulitaka nimwimbie?"

Wote wakasikia. Simlaumu, kwetu jogoo akifungwa jikoni siku ya mgeni, hakuna wa kuuliza. Daktari akaitazama sindano, akalitazama bakuli.

"Daktari," Masanja akasema, "jitoe damu wewe sasa, kinga si imeshaingia?"

Watu wakacheka mpaka wakashika ukuta. Daktari hakucheka. Alisema taratibu kwamba watoto wapo, atasubiri wakue, huenda wamerithi, huenda si wote, akaondoka. Na kijiji nacho kitasubiri, kwa sababu ya kamba yangu.

Sifungi tena kuku bila kusema ni wa nini.

Jioni tumekula ugali wa mtama na mchuzi uliobaki. Nilisema siugusi. Nimekula bawa, na niseme ukweli, alikuwa mtamu.