Pindo la Kitenge cha Recho

Ruti alikuwa fundi cherehani pale Tunduma, na ndiye aliyemlea mdogo wake Recho tangu mama yao alipofariki. Recho alipochumbiwa na Lwitiko, kijana wa Ibaba kule Ileje, Ruti akaanza kuwaza namna ya kumpa zawadi ya fedha.

Wenzake sokoni walimshauri. Mmoja alisema atengeneze shada la noti, amvishe bibi harusi shingoni. Mwingine alisema mwavuli wa noti zinazoning'inia ndio unaopendeza kwenye video. Ruti alikataa yote. Siku ya harusi yake yeye alitunzwa hadi noti zikajaa beseni, kisha beseni likaingia chumbani kwa mawifi. Hakuliona tena.

Kwa hiyo alinunua kitenge kizuri, akakunja noti za elfu kumi zikawa nyembamba, akazifunga kwenye nailoni na kuzishonea ndani ya pindo. Alipanga kumnong'oneza Recho wakati wa kuagana, wakiwa wawili tu.

Harusi ilifanyika uwanjani kwa akina Lwitiko. Zawadi zilipotolewa, kila mtoaji akitajwa jina, kitenge cha Ruti kikawekwa juu ya vingine. Ndipo mshereheshaji akasema bibi harusi achague kimoja, amvishe mama mkwe.

Recho akanyoosha mkono kwenye lundo. Ruti alimkazia macho, akatikisa kichwa kidogo. Recho akadhani dada yake anamsihi asilie. Akachukua kile cha juu, akamfunga Mama Lwitiko kiunoni. Vigelegele vikapigwa.

Akisema, atakuwa amewatukana wenyeji mbele ya wageni wao. Akinyamaza, jasho lake limekwenda. Alimwona Mama Lwitiko akicheza, pindo likimgonga miguuni, kisha akamwona anainama na kulipapasa. Mama yule aliacha kucheza. Akamtazama Ruti moja kwa moja.

Baadaye alimwita nyuma ya jiko.

"Pindo la kitenge chako ni zito," alisema.

Akaliinua, akalibinya kwa vidole.

"Ni hela?"

"Ndiyo, mama. Ni za Recho."

"Mwenyewe anajua?"

"Hajui bado."

"Mbona hukuziweka kwenye beseni kama wenzako?"

Ruti alitafuta uongo, akaukosa. "Niliogopa hazitamfikia."

"Ulituogopa sisi."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Mama Lwitiko alikifungua kitenge kiunoni, akakikunja taratibu. Ruti alikuwa na hakika kwamba sasa kinapelekwa kwa wazee wa ukoo, na harusi itageuka kesi. Lakini mama yule alimwita binti mmoja aliyekuwa akiosha vyombo, akamtuma amlete bibi harusi.

Recho alikuja ameshika shela mkononi. Mama mkwe akampa kitenge.

"Dada yako ameshona hela humu. Ni zako. Zitunze mwenyewe, hata Lwitiko asikupangie. Ila mimi sikivai tena. Nitafutieni kingine."

Akarudi uwanjani. Recho alimgeukia dada yake, uso umemshuka.

"Dada, si ungeniambia mapema?"

"Ungemwambia mumeo."

"Ningemwambia, ndiyo. Ni mume wangu."

Uwanjani watu walikuwa wakiuliza mama mkwe amekwenda wapi na kitenge chake. Alisikika akijibu kwamba kilikuwa kinambana, na watu wakacheka, wakaendelea kula.

Hela zile Recho alinunulia nguruwe, na mama mkwe wake ndiye aliyetoa mbao za banda. Wanaishi vizuri. Mwaka huu Ruti alipopanda Ibaba kumwona mtoto wa Recho, Mama Lwitiko alimpokea mzigo, akamkaribisha ndani, akampikia kuku. Chakula kilipoiva aliwanawisha mikono Ruti na Recho, akasema ana palizi ya kumalizia, akachukua jembe na kwenda shambani bila kula nao.