Nyekundu Tatu za Shangazi Haruyo

Shangazi Haruyo Imanishi amechora mapambo ya obi, ile mikanda mipana ya kufungia kimono, tangu enzi za karatasi ya miraba. Siku hizi anachora kwenye kompyuta, hapa Nishijin, mtaa wa wafumaji hariri, ambako mitambo ya kufumia hugonga katika kila nyumba hadi chai inatikisika kikombeni.

Msimu huu alichora majani ya momiji, mti ambao majani yake hugeuka mekundu kabla ya baridi. Yalitaka nyekundu tatu: ya kutu, ya damu na ya tunda la kaki, ile inayoelekea chungwa. Bila hizo tatu jani linabaki doa. Bosi wake, Bwana Tsujimoto, alikuwa amenunua kompyuta mpya yenye uwezo wa maelfu ya rangi. Akaitia programu ileile ya zamani, akainamia kioo.

"Mama, mbona nyekundu naiona moja?"

"Nyuzi ziko tatu, Bosi. Programu inazijua kwa namba, ila kuonyesha inaonyesha rangi nane tu, basi."

"Na mashine mpya hii?"

Nilikuwepo, nimemletea shangazi tofu ya kula mchana, na chuoni nasoma mambo hayohayo ya kompyuta. Nikashindwa kunyamaza.

"Mashine ni mpya, programu siyo. Ilitungwa wakati kompyuta zina rangi nane, kwa hiyo inaomba nane. Mashine inatoa inachoombwa."

"Basi iombe zaidi!"

"Haijui kama zipo."

"We kijana, ada ya chuo ni ya kujifunza kunijibu?"

Kuibadilisha programu, bosi hawezi. Mashine inayotoboa kadi za kuuongoza mtambo wa kufumia haisomi programu nyingine, na aliyeitunga alishafariki. Hilo naelewa. Lakini sikilizeni alichoamua:

"Fumeni nyekundu moja. Mteja anakuja mchana huu, ataangalia hapa kwenye kioo. Asije akasema nimembadilishia."

Jamani! Tangu lini hariri ikatii kioo? Mikono iliyozeeka kazini ipunguzwe ili ilingane na programu iliyochoka!

Shangazi hakubishana. Alichukua gundi ya wali akabandika nyuzi zenyewe juu ya kioo kipya, jani baada ya jani, bosi akishika kichwa.

Mteja alipofika, aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa. "Hii ya kaki," akasema, "msiiondoe."

Bwana Tsujimoto akakohoa. "Haya, tatu. Ila hiyo gundi utaikwangua mwenyewe, Mama."

"Nitakwangua, Bosi. Ila kijani nayo inaonekana moja tu; ngoja kwanza nibandike zake zote."