Kamera Yenye Kioo cha Kugeuka

Mwaka 1998, nikiwa na miaka makumi tatu na moja, taabu yangu ilianza. Nilikuwa mupiga picha hapa Kindu, na kamera ya filme. Asikari mumoja akanisimamisha karibu na mto. "Wee fotografu, piga mimi." Nikamupiga picha. "Toa picha sasa." Nikamwambia filme inasafishwa kwanza. Akafungua kamera mwenyewe, akavuta filme yote kwenye jua, akatazama, hakuona kitu. "Umekula sura yangu, mulozi." Akalaza mukono wangu juu ya jiwe, akapiga kwa kitako cha bunduki. Vidole viwili vilivunjika kama kuni kavu.

Mwaka jana nilienda kununua kamera ya numerike, ile isiyotumia filme. Muuzaji akaweka mbele yangu mbili za watu wanaoanza. "Papa, kamata hii, picha yake iko safi zaidi." Mimi sikusoma, lakini si mupumbavu. Asikari wangali wanataka picha. Nilichukua ile ingine, yenye kioo cha kuonyesha picha kinachogeuka mbele, ili muntu ajione pale pale aliposimama, bila kuja kusimama nyuma yangu na bunduki.

Leo, kwa kazi ya picha, niko na nyumba ya matofali, pikipiki, mashini ya kutoa picha, kamera hiyo na mbuzi sita.