Mayai ya Bata wa Hula

Kabla hajawapenda ndege, Amikam Lubetski alikuwa adui yao. Kibutsi, kijiji cha ujamaa alimoishi, kilimpangia kulinda mabwawa ya samaki, na kila vuli, mwari, ndege wenye midomo ya mifuko, walipotua kwa mamia, aliwarushia fataki mpaka waondoke. Asubuhi moja fataki zilikuwa zimelowa. Akaketi ukingoni, akawatazama mwari wakivua kwa pamoja, wamejipanga nusu duara, wakizamisha midomo kwa mpigo mmoja. Samaki wakaliwa, yeye akasemwa mkutanoni, na tangu siku hiyo mabwawa hayakuwa tena na mlinzi wa maana.

Alipostaafu akawa mlinzi wa kujitolea wa kinamasi cha Hula, kaskazini mwa Israeli, upande wa mafunjo, kule ambako wageni hawaruhusiwi kufika. Ufunguo wa geti aliuning'iniza shingoni. Wapiga picha waliomkaribia korongo kupita kiasi aliwafukuza kwa fimbo.

Dini haikumhusu. Siku ya Upatanisho, wengine wakifunga, yeye alikaa barazani akila mayai na matango, mlango wazi. Ndiyo maana Tirtza, binti yake wa pekee, aliporudi kutoka Safed, mji wa watu wa dini, na mikono mirefu ya gauni na habari za mchumba, Amikam aliona kama ametukanwa.

"Umekwenda kutafuta nini huko ambacho hapa hakipo?"

"Mungu, Baba."

"Mbona na huku alikuwa anapita. Ila hatukumpigia kelele."

Aliolewa na Elhanan, kijana mpole aliyeshinda mchana kutwa katika masomo ya Torati. Miaka ikapita, mtoto hakuja. Madaktari hawakuona kasoro. Mama yake Elhanan naye akaanza kuuliza habari za tumbo la mkwewe mezani, siku ya Sabato, mbele za watu.

Hapo ndipo Tirtza alipomjia baba yake na ombi. Torati inaamuru kwamba ukimkuta ndege amelalia mayai, umwachie mama aende zake kwanza, ndipo uyachukue. Huko Safed walimwambia kwamba mwanamke tasa akiitimiza amri hiyo kwa mkono wake, hufunguliwa kizazi.

"Awe jike, awe wa porini, awe wa aina tunayoruhusiwa kula," alisema. "Korongo hafai, mwari hafai. Bata anafaa. Na wewe unajua viota vyote vya bata."

"Ili mama mmoja apate, mwingine anyang'anywe? Ndiyo dini yenyewe hiyo?"

"Nitayainua tu, Baba. Nitayarudisha palepale."

"Ukimwondoa, pengine harudi. Mayai yatapoa, au paka-mwitu atayala. Hapana, mwanangu. Omba kitu kingine."

Hakuomba kingine. Alirudi mwaka uliofuata na ombi lilelile, na mwaka wa tatu vilevile. Mara hiyo ya tatu aliondoka bila hata kuonja chai aliyoandaliwa. Mwaka wa nne hakuja, alipiga simu. Sauti ilikuwa kavu.

"Elhanan anasema miaka kumi ya ndoa bila mtoto inakaribia, na hapo sheria humtaka mume atoe talaka. Baba yake ameshazungumza na marabi."

Pasaka ilikuwa imepita siku chache tu. Safari hii Amikam hakukataa: alimpokea getini alfajiri, akafungua kufuli, wakapita kwenye matope kimya kimya. Kiota kilikuwa chini ya shada la mafunjo, na bata jike alikuwa ametulia juu yake, rangi yake ikifanana na majani makavu kiasi kwamba Tirtza alikuwa karibu kumkanyaga.

Alipunga mkono. Bata akaruka kwa kishindo, akazunguka juu yao akilia. Tirtza akapiga magoti topeni, akayainua mayai kwa viganja viwili, akasema maneno yake huku akilia machozi, kisha akayarudisha.

"Ni ya moto, Baba," alisema. "Yana joto kweli."

Jioni Amikam alirudi peke yake. Mayai yalikuwa baridi. Asubuhi yake hayakuwapo. Maganda tu yalikuwa yametapakaa.

Gershon, mwenzake katika ulinzi kwa muda mrefu, aliona maganda na nyayo za viatu vya kike.

"Nani aliingia huku?"

"Binti yangu."

"Wewe! Wewe unayekimbiza watu na fimbo kama mbuzi! Ungeniambia hata mimi, basi."

"Ungenikatalia."

"Ningekukatalia, ndiyo. Lete ufunguo."

Akauvua shingoni, akampa.

Mimba haikuja. Vuli, kabla ya sikukuu, Elhanan alimpa Tirtza talaka mbele ya marabi, akilia kuliko yeye, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameoa tena. Tirtza alirudi kibutsini na masanduku mawili, akakaa chumba cha nyuma. Alipika kwa sufuria zake mwenyewe, kama sheria ya dini yake ilivyotaka. Chakula cha baba yake hakukigusa.

Siku moja Amikam alijikaza. "Nilikuonyesha kiota, Tirtza. Mwishowe nilikuonyesha."

"Kwa shingo upande. Baada ya miaka mitatu ya kunikatalia." Hakuinua macho kwenye viazi alivyokuwa akimenya. "Kitu cha kinyongo, unadhani huko juu kinapokelewa?"

"Yule bata hakurudi," Amikam akasema, bila kujua kwa nini analisema. "Mayai yote yaliliwa."

Kisu kikasimama. "Ulilijua hilo siku zote hizi?"

"Nililijua."

"Na umemlilia yeye, au umenililia mimi?"

Tirtza akaendelea kumenya.

Korongo walirudi wakati wa baridi, maelfu kwa maelfu, kelele zao zikifika mpaka jikoni. Amikam alichukua darubini, akavaa koti, akasimama mlangoni kama anayeomba ruhusa.

"Nenda," Tirtza alisema. "Nenda kwa watoto wako."

Akaenda. Geti lilikuwa limefungwa, naye akasimama nje ya uzio, pamoja na wageni.